Shajara ya mradi: Nyumba ya Babu, Mwembetanga

Rajabu, mwaka wa kwanza. Kaskazi.

Warithi wamekubaliana. Naliandika hili mwanzo ingawa fundi hajashika hata sururu, kwa kuwa miradi ya namna yetu hapa Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, huanza siku ya makubaliano, na miaka inayopotea hupotea kabla ya hapo. Nyumba ya Babu imekaa nusu tupu, nusu imepangishwa chumba chumba, tokea mimi niko skuli. Kila aliyepita akauliza kwa nini hatuijengi alidhani ni pesa.

Hesabu ya mirathi yenyewe ni nyepesi na ilikwishapita Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Babu aliacha mke, wana wawili wa kiume na watatu wa kike. Bibi akapata thumni, yaani moja ya nane, iliyobaki wakagawiwa wana, mwanamme mafungu mawili na mwanamke moja. Bibi naye alipofariki thumni yake ikarudi kwa wana wale wale. Kwa hiyo leo nyumba ina mafungu saba: mawili ya Ami, aliye Muscat, mawili ya marehemu baba yangu, yaani mama, ndugu zangu na mimi, na moja moja kwa Shangazi Mkubwa, Shangazi wa Kati na Shangazi Mdogo. Mafungu saba juu ya kiwanja chembamba ambacho huwezi kukikata vipande saba ukabaki na kitu. Hapo ndipo nyumba nyingi za mitaa hii zilipokwama. Ukiona bati limeoza na mlango umefungwa kwa mnyororo, kabla ya kufikiri umasikini, fikiri watu sita ambao hawajakaa chumba kimoja tokea mazishi.

Kilichotutoa ni kwamba fungu linaweza kuwa mlango. Sheria ya Kondominio ya 2010 inaruhusu fleti moja ndani ya jengo kuwa na hati yake peke yake. Kwa hiyo tutabomoa, tutajenga maduka matatu mbele na chumba cha Shangazi Mkubwa nyuma (ngazi hazitaki, na ana haki), na juu ghorofa mbili za kuishi, fleti mbili kila moja. Ghorofa ya kwanza itakuwa ya Ami na ya nyumba yetu. Ya pili ya Shangazi wa Kati na Shangazi Mdogo. Shangazi Mkubwa ana duka moja kwa ajili yake. Kodi ya maduka mawili yaliyobaki italipa madeni kwanza. Mpaka hati zitenganishwe, jengo ni mali moja na kila jambo ni kura ya mafungu. Mimi ndiye mshika daftari, kwa kuwa ndiye ninayeishi karibu na, kama alivyosema Ami kwenye simu, "wewe mama una moyo wa kuhesabu misumari."

Shaabani. Karatasi.

Ofisi inataka kujua tumefikaje hapa. Shangazi Mkubwa katoa sanduku la bati chini ya kitanda, ndani mna risiti za kodi ya kiwanja zilizofungwa kwa uzi, nyengine zimeliwa na mende pembeni. Vijana wengi hawalijui hili: katika Ng'ambo ya zamani mwenye nyumba aghalabu hakuwa mwenye ardhi. Ulisimamisha nyumba yako ya miti na udongo juu ya kiwanja cha mwengine, au cha wakfu, ukalipa kodi ya kiwanja. Kodi hizo ndizo zilizozua mgomo mkubwa wa 1928, watu wa Ng'ambo walipokataa kulipa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya Serikali, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ikaweka utaratibu wa haki ya matumizi. Kwa hiyo risiti za Babu hazitupi ardhi. Zinaonyesha tu kwamba tulikuwepo, na pamoja na barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, na saini za majirani, zimetosha kulifungua faili.

Mpima ardhi alikuja asubuhi mapema kabla ya jua. Upande wa mashariki kuna kichochoro ambacho mabati ya nyumba mbili yalikuwa yakimwagia maji kwa pamoja. Kila upande ulikuwa ukikidai kimya kimya. Tumekubaliana na jirani kichochoro kibaki, upana wa gari la mkono kupita, na hakuna atakayetoa kibaraza juu yake. Imeandikwa, imesainiwa mbele ya sheha.

Msanifu wetu ni kijana anayependa ramani za zamani. Alinieleza kwamba mji huu ulipangwa na Lanchester mwaka 1923, ukapangwa tena na Kendall na Mill mwaka 1958, wakaja Wajerumani wa Mashariki mwaka 1968, wakaja Wachina mwaka 1982, na katika miaka ya karibuni ukaja mpango wa Ng'ambo Tuitakayo, ambao unataka Ng'ambo iwe kitovu cha mji, isibakie uwani kwa Mji Mkongwe. Mtaa huu umechorwa mara nyingi kuliko ulivyojengwa. Mpango wa 1968 ndio uliotuachia majumba ya Michenzani na barabara zake mbili pana zinazokatana, lakini nyuma ya majumba yale nyumba za bati zilibaki pale pale, na yetu ni mojawapo. Mimi sina ugomvi na mipango. Ila kila mmoja ulidhani kitu kikubwa ndicho kitakachouamsha mji, na huku nyuma wenye nyumba walikuwa wakisubiri kaka arudi kutoka Dubai wagawane.

Ramadhani na Mfunguo Mosi, mwezi wa kwanza baada yake. Masika.

Mvua. Ramani zimepelekwa kuombewa kibali, zimerudishwa mara ya kwanza kwa sababu ya ngazi, zikapita. Hakuna la zaidi.

Ila nimekaa na takwimu za sensa, kwa kuwa Ami anauliza kama kweli kuna mtu atakayetaka kuishi mjini. Mwaka 2012 Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569. Mwaka 2022 wakafika 1,889,773. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake una watu 893,169, karibu nusu ya wote. Lakini ongezeko limekwenda nje, wilaya za Magharibi A na Magharibi B, na wenye uwezo wanaangalia Fumba, ambako kampuni binafsi inajenga mji mzima mpya. Nimemjibu Ami kwamba watu hawaukimbii mji. Wanakimbia vyumba vya kupanga vyenye choo kimoja kwa familia nne. Muuguzi wa Mnazi Mmoja anayepanda daladala alfajiri kutoka mbali angelala Mwembetanga kesho kama angepata fleti yenye maji.

Mfunguo Tatu, baada ya Idi Kubwa.

Tumebomoa. Fundi Mkuu hakutaka tingatinga. Alitaka mikono, na alikuwa sahihi, kwa kuwa nusu ya nyumba ile iliuzika. Milango miwili, madirisha ya pau, na boriti.

Hizo boriti zinastahili mistari yake. Ni mikoko, nyeusi kwa moshi wa miaka, ngumu kiasi kwamba msumeno ulikuwa ukipiga kelele. Fundi Mkuu akaniambia, "Dada, unaona vyumba vyote vya zamani vilivyo vyembamba? Si ubahili. Boriti haifiki zaidi ya hapa," akanyoosha mikono yake miwili na kuongeza hatua moja. Kweli, chumba cha Babu kilikuwa na upana wa kama mita tatu, na vya majirani hivyo hivyo, na vya Mji Mkongwe ukivipima ni hivyo hivyo hata katika majumba ya matajiri. Mkoko ndio uliopima mji mzima. Boriti zimechukuliwa na mtu anayekarabati nyumba kule Shangani, kwa bei nzuri kuliko tulivyotarajia. Mawe ya matumbawe tumeyaweka. Yatarudi kwenye kifusi cha chini ya jamvi la zege.

Shangazi Mkubwa amehamia kwa binti yake Kikwajuni. Kila siku alasiri huja, huletewa kiti kwa jirani, hukaa kuangalia. Mafundi wanamwogopa kuliko mhandisi.

Mfunguo Nne na wa Tano. Kipupwe.

Msingi. Tulipofika kimo cha kifua maji yakaanza kutokeza, na udongo ulikuwa mweusi wenye maganda ya chaza ndani. Mafundi vijana walishangaa, Shangazi hakushangaa. Hapa hatuko mbali na palipokuwa Pwani Ndogo, mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, watu wakivuka kwa daraja. Ndiyo Darajani ya leo. Karne iliyopita ulifukiwa kidogo kidogo, pakawa barabara na viwanja, lakini maji ya chini hayakupewa taarifa.

Mhandisi akapanua nyayo za nguzo na kuzifunga pamoja kwa mihimili ya chini, pande zote, ili jengo likikaa likae pamoja. Nondo na saruji zimeongezeka na bajeti imeingia shimoni mapema. Ami ametuma pesa, kwa mkopo, bila ya maneno mengi.

Karo la maji machafu tumelisogeza nyuma kabisa, mbali na tangi la maji la chini ya ardhi. Nyumba nyengine za hapa viwili hivyo vinatazamana.

Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi.

Mchanga. Sijui nianzie wapi. Kisiwa hiki kinajengwa kwa mchanga unaochimbwa mashambani, na mashimo yameacha makovu ya kutosha hata Serikali ikaingilia kati. Sasa mchanga, mawe na kifusi huchimbwa kwa kibali, sehemu zilizotengwa, na gari linakuja kwa foleni. Kuna watu walitujia usiku na mchanga wa bei rahisi, mweupe, msafi wa kupendeza. Fundi Mkuu akachukua punje chache akaweka ulimini, akatema. Chumvi. Mchanga wa ufukweni huila nondo ndani ya zege, na unakuja kujua baada ya miaka, slabu inapoanza kumwaga vipande juu ya vichwa vya watu. Tumesubiri wa kibali. Nguzo zimesimama, mafundi wamekwenda kufanya kazi kwengine, na mimi ninalipa mlinzi alinde shimo.

Mfunguo Nane. Vuli.

Slabu ya kwanza imemwagwa, siku moja, tokea alfajiri mpaka baada ya Magharibi. Mixa mbili, watu wengi, makarai yanapita mikono kwa mikono, uji na mihogo ya Shangazi Mkubwa katikati. Mvua ya vuli ilitunyemelea mchana ikapita upande wa Amani, alhamdulillahi. Siku zilizofuata kazi ilikuwa ni kumwagilia maji tu; zege changa likikauka haraka hupasuka, na jua la baada ya mvua ni kali.

Mirunda imebaki chini ikiegemeza. Pesa zimekwisha.

Rajabu, mwaka wa pili. Kaskazi.

Hakuna kilichojengwa. Nondo za nguzo za juu zimesimama hewani, tumezipaka saruji ya maji kuzikinga na upepo wa chumvi. Benki moja ilisema itakopesha hati zikitengana. Hati haziwezi kutengana kabla jengo halijakamilika. Nimeliweka hili kama nilivyoambiwa.

Shaabani. Mfanyabiashara.

Alikuja mwenyewe, kwa adabu, na halua. Ana maduka Mlandege, anaingiza vyombo vya plastiki na vitu vya nyumbani. Anataka duka la katikati na ghorofa yote ya kwanza iwe ghala lake. Atalipa mwaka mzima mbele, na kilemba cha duka, yaani malipo ya kupewa duka, juu yake. Kiasi alichokitaja kinatosha kuta za ghorofa ya kwanza, slabu ya pili, na kinabaki cha kuanzia ya juu.

Natakiwa niandike hoja za pande zote, na nitaziandika.

Ami alipiga simu akatuweka sote hewani. Hoja yake ni nzito na sikuweza kuipangua: jengo lisiloezekwa linakufa polepole, nondo zinaliwa, na kila masika ni hasara. "Ghala si haramu," alisema. "Lipeni deni, kisha mkae na muuguzi wenu." Shangazi wa Kati akamuunga mkono. Shangazi Mdogo akasema yeye anataka tu kuona bati juu kabla hajafa, na yeye ndiye mdogo kuliko wote.

Sisi tulipinga, nami nilisema nilichokuwa nacho. Tokeni usiku baada ya Isha mtembee kutoka Darajani kuja Mlandege. Mchana huwezi kupitisha bega. Usiku milango ya chuma imeteremshwa, na juu yake, palipokuwa na madirisha yenye taa na mama anayeita mtoto, pana makatuni hadi kwenye kioo. Nyumba moja moja, kila moja kwa sababu nzuri kama yetu, ghorofa zimegeuzwa stoo. Biashara imekua na mtaa umepungua. Kisha tunashangaa kwa nini skuli za karibu hazina watoto wa mtaani na kwa nini muuza mikate kahamia Jang'ombe. Kitovu cha mji ambacho hakuna anayelala ni soko tu, na soko tunalo tokea 1904.

Mhandisi ndiye aliyesema la maana kuliko sisi sote, na hakuwa na fungu. Slabu ile ilipigiwa hesabu ya watu na vitanda: kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Ghala huhesabiwa kilo 240 kwa kila mita ya mraba, na hiyo ni kwa mita moja ya kimo cha mzigo; ukipanga mita mbili ni mara mbili. "Nikikubali vigae au mbao humu," alisema, "nitakuwa nimekubali na mengine."

Mfunguo Mosi.

Kura: manne kwa matatu. Ami mawili, Shangazi wa Kati moja, Shangazi Mdogo moja. Ghala limepita, fleti yetu ikiwa ndani yake.

Masharti tuliyapata, kwa kumtumia mhandisi. Mwaka mmoja. Bidhaa za plastiki tupu tu: madoo, mabeseni, viti. Hakuna vigae, rangi, sabuni za maji wala vyombo vya udongo. Mstari mwekundu umepakwa ukutani pande zote nne na mzigo hauruhusiwi kuuvuka. Mshika daftari ataingia kukagua bila ya kuomba miadi. Mfanyabiashara alicheka kuhusu mstari, akasaini.

Mfunguo Tano. Kipupwe.

Kuta za ghorofa ya kwanza zimefika, slabu ya pili imemwagwa, mzigo umeingia. Yote haya ni kwa pesa zake na sitaacha kulisema hilo. Duka lake la chini limefunguliwa, taa zinawaka, mtaa umepata mwanga ambao haukuwa nao.

Pia mtaa umepata malori. Kichochoro tulichokihifadhi kwa saini sasa kinapitisha magari ya mkono tokea sala ya alfajiri, hamali wanapiga miluzi, na jirani wa mashariki, aliyetia saini kwa imani, amekuja na karatasi yake mkononi. Tumeweka saa: hakuna kushusha mzigo kabla ya saa mbili asubuhi wala wakati wa sala ya Ijumaa. Inafuatwa, siku nyingi.

Nimekagua. Mstari mwekundu umevukwa mara moja, na ndani ya makatuni ya "plastiki" mlikuwa na glasi. Yametoka siku ile ile.

Mfunguo Saba. Baraza.

Duka la kona limepata mpangaji, wakala wa simu na pesa. Anataka kioo hadi chini na sakafu iwe sawa na barabara, yaani baraza ya mbele ivunjwe. Anasema wateja hawataki kupanda kidaraja na kukuta wazee wamekaa mlangoni.

Hapa hatukupiga kura. Shangazi Mkubwa alikataa na ikawa basi. Lakini nataka sababu zibaki daftarini, kwa kuwa wanaodhani ni mapenzi ya ukale wamekosea. Kwanza maji. Tokea ijengwe mitaro ya mradi wa huduma za mji, ZUSP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, masika yetu yamekuwa mepesi, lakini mvua ikipiga saa mbili mfululizo barabara bado inakuwa mto mdogo, na baraza ndiyo inayozuia mto huo usiingie dukani na matope yasirukie ukutani. Duka la sakafu sawa na barabara litanunua magunia ya mchanga kila Aprili. Pili macho. Duka la pesa linalofungwa saa nne usiku mbele ya wazee wanaocheza bao lina walinzi wasiolipwa. Tatu ni biashara yenyewe: muuza kahawa hukaa palipo na baraza, wanaokunywa kahawa hununua vocha, hutuma pesa, humtuma mtoto dukani. Wakala yule ana maduka mengine yenye vioo; sikumuuliza ni lipi linalopata watu baada ya Isha.

Mwisho ameikubali, tukampunguzia kodi ya mwezi wa mwanzo, tukafanya njia ya mteremko upande mmoja kwa ajili ya wenye magari ya walemavu na mama wenye watoto. Hiyo njia lilikuwa wazo lake, na ni zuri. Tutaiweka kwenye maduka yote matatu.

Duka la tatu ni la Shangazi Mkubwa. Kampa mshonaji, mwanamke wa mtaani aliyekuwa akishona chumbani kwake. Kodi ni ndogo kuliko ya mengine. Shangazi wa Kati ameuliza kwa nini, akajibiwa kwamba duka ni la nani.

Rajabu, mwaka wa tatu. Kaskazi.

Bati limepanda. Shangazi Mdogo alitaka kupanda ngazi aone kwa macho yake, akapanda, akashuka analia na kucheka. Ghorofa ya pili imepigwa lipu, mabomba yamepita, madirisha yametazama kusi upande mmoja na kaskazi upande wa pili, upepo unapita mpaka karatasi zangu zinaruka. Msanifu alilipigania hilo dhidi ya waliotaka kuongeza chumba. Bili ya umeme ya feni tu itamshukuru.

Maji yanafika kwenye tangi la chini usiku usiku, pampu inapandisha. Umeme umeunganishwa kwa mita moja. Mita za kila fleti bado.

Mfunguo Pili. Masika.

Shangazi Mdogo ameanza kutafuta mpangaji wa fleti yake. Walikuja mke na mume, mume mwalimu, mke muuguzi. Walipenda upepo, walipenda jiko. Wakashuka ngazi wakakuta hamali wawili wamekaa juu ya mafurushi ya mabeseni kwenye kipandio cha ghorofa ya kwanza, na mlango wa ghala wazi. Mke akauliza, kwa sauti ya chini, kama usiku ngazi huwa na mtu. Hawakurudi. Wakaja wengine, wakauliza lile lile. Wa tatu walikuwa vijana wanne wa kiume waliotaka kupanga pamoja, na hao Shangazi hakuwataka.

Alinipigia usiku. "Mwanangu, huo mwaka wa mtu wako unakwisha lini?" Nikamwambia si mtu wangu. Akasema anajua.

Mfunguo Tano. Kipupwe.

Mwaka wa ghala umefika mwisho. Mfanyabiashara amekuja tena na halua, anataka miaka miwili, kodi ya juu zaidi, yote mbele. Ami yuko tayari: deni lake halijarudi lote na hilo ni kweli, limo daftarini kwa tarakimu. Shangazi wa Kati yuko naye.

Kura: matatu kwa manne. Shangazi Mdogo kahama. Ami alinyamaza kwa muda kwenye simu, kisha akamuuliza dada yake kama amefikiri. "Nimefikiri, kaka. Fleti yangu iko juu ya makatuni yako."

Mfanyabiashara ameomba abaki mpaka baada ya Ramadhani, kwa sababu ya biashara ya Idi. Ramadhani iko mbali na tunajua maana yake. Tumempa mpaka mwisho wa Mfunguo Saba, kwa kodi ya mwezi mwezi, na duka la chini aendelee nalo kwa mkataba mpya. Ni mpangaji mzuri wa duka. Deni la Ami litalipwa kwa kodi ya maduka mawili na, kuanzia ghala likiondoka, kodi ya fleti yetu nayo tumeitoa kwa miezi kumi na minane. Mama aliridhia kabla sijamaliza kueleza.

Ami ameandika baadaye: "Sawa mama. Lakini rangi ya kuufuta ule mstari mwekundu msinitoze mimi." Nimemjibu kwamba mhandisi anataka ubaki mpaka mzigo wa mwisho utoke. Mpima anakuja wiki ijayo kuchukua vipimo vya fleti kwa ajili ya hati, na fundi umeme kwa mita tano. Muuguzi nimempigia simu. Amesema atakuja kuangalia tena ngazi zikiwa tupu.